Madaftari Mawili

Kila mwisho wa Ramadhani nina madaftari mawili:
moja la mwezi ukiandama leo,
jingine la mwezi ukigoma.
Majina ni yale yale, saa ni zile zile,
siku tu ndiyo imening'inia huko juu
kama kanzu ambayo fundi hajaitia vifungo.

Simu hazinipi nafasi ya kufuturu.
"Mama Picha, ni kesho?"
Mimi? Mimi nauza karatasi zenye nyuso,
muulizeni mwenye mbingu.
Ila betri nne nimekwisha kuzichaji,
pazia la bluu nimelipiga pasi,
na pale lilipoungua mwaka juzi
nitamsimamisha mtu mnene.

Asubuhi, barabara ya kumi na mbili, Ngamiani,
nusu ya mtaa imeamka na takbira,
nusu imelala na daku tumboni.
Wanakuja wa mwanzo:
wasichana watatu wenye madera ya kitambaa kimoja
(mama yao kanunua jora zima,
hata mito ya kochi lao ina maua yale),
kijana wa miwani ya plastiki, stika ingali kwenye kioo,
haivui, wala hataki stika ibanduliwe.
Kisha Mwanaisha wa Makorora na ombi lake la kila mwaka:
"Niwekee na baba yao, yuko Maskati."
Nimemweka mara tano sasa, kutoka picha ile ile ya harusi ya mtu.
Watoto wanarefuka, Mwanaisha kaanza miwani ya kusomea,
yeye tu hazeeki,
na kivuli chake kinaanguka upande wake peke yake.

Saa kumi kanifuata mjukuu wa Bi Mwanatumu.
Nalijua jambo lao kabla hajalisema.
Shekue na Mhina, tumbo moja, baiskeli moja utotoni,
lakini Shekue kafungua kwa mwezi wa mbali
na Mhina anasema wake haujaonekana.
Mmoja ananukia udi na pilau,
mwenzake midomo imekauka,
anausoma ukuta kila sinia likipita.
Bibi anataka picha moja. Leo.
Ana miaka themanini na tatu,
hana Idi za kuchezea.

"Mwezi ni mmoja," akaniambia, "macho ndiyo mengi.
Na wewe jicho lako linalipwa. Amua."

Basi nikaamua kinyume cha kazi yangu yote:
nikangoja magharibi, mwanga umekwisha,
nyuso zimegeuka rangi ya chai ya mkandaa.
Adhana ilipoanza Mhina akapokea tende.
Nusu akaila. Nusu ya pili,
kidole changu kikiwa kinashuka,
Shekue aliinyakua mkononi mwa kaka yake, akaitia kinywani,
yeye aliyeshiba tangu asubuhi.
Bibi katoka amefumba macho.
Hakukubali nirudie.

Nyumbani nilifika saa nne.
Mhando kanifunikia pilau kwa kawa,
mafuta yameganda ukingoni mwa sahani.
"Alikusubiri," akasema, akanionyesha kochi kwa kidevu.
Mbelwa kalala na kanzu yake,
kofia imeshuka hadi puani,
viatu vipya miguuni, nyayo zake nyeupe kabisa:
siku nzima hakutoka navyo nje
visije vikachafuka kabla ya picha.

Kamera ilikuwa bado shingoni. Niliishika, nikaiachia.
Tangu alfajiri nimekuwa nikiwaambia watu wafumbue macho.
Nikamvua kiatu kimoja.
Cha pili akauvuta mguu, akaubana chini ya mto,
nikamwachia.

Daftari la pili lingali na kesho yake.
Nikaandika jina lake juu ya yote, saa moja asubuhi,
na kwenye safu ya malipo:
kalipa.